Mfuko wa kukata mtandao nilioununua Majengo: nimekaa nao miezi mitatu

Niliununua mwezi wa sita, siku zile upepo wa Dodoma unapoanza kupasua midomo asubuhi, kwenye kibanda cha vifaa vya simu pembeni ya soko la Majengo. Muuzaji alianzia 50,000, nikaondoka nao kwa 35,000. Ni mfuko mweusi wa kitambaa kigumu, ukubwa wa kitabu cha risiti. Ndani una bitana ya rangi ya fedha inayokwaruza ukiipitishia kucha. Mdomo wake unakunjwa mara mbili, kisha unabanwa kwa utepe wa kunata kama ule wa viatu vya watoto wa shule. Hauna jina la kampuni. Una kikaratasi cha Kichina na picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Kijana wa kibandani alinisalimia vizuri, "Mbukwa, mama," akanionyesha namna ya kukunja, akamalizia kwa maneno haya: "Simu ikishaingia humu hakuna anayekuona tena. Hata mtandao wenyewe unakupoteza."

Kwa ajili ya maneno hayo ndiyo maana naandika. Mfuko wenyewe umefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Maneno yaliyouuza yanaweza kumponza mtu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa mjini. Wengi wanaokuja kwetu ni wanawake waliotoka kwenye ndoa za kipigo, na swali ninalolisikia kuliko yote, hata kabla ya talaka na matunzo ya watoto, ni hili: "Amejuaje niko hapa?" Mwaka huu peke yake nimeulizwa hivyo na wanawake ambao walihama mtaa, wakabadili laini, wakawaambia ndugu wachache tu, na bado mtu akasimama mlangoni. Nilipousikia mfuko huu nikaona pengine ndiyo dawa. Nikautumia mwenyewe kwanza, kwa sababu siwezi kumpa mwenzangu kitu cha kuokoa maisha ambacho sijakishika.

Jaribio la kwanza tulilifanya nyumbani Ipagala, mimi na binti wa dada yangu anayesoma UDOM. Nikatia simu ndani, nikakunja mara mbili, nikabana. Akapiga. Kimya. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na alipokaribia kumi ndipo ile sauti ya kawaida ikasema namba haipatikani kwa sasa. Nikaitoa, nikaiweka hali ya ndegeni, nikamwambia apige tena. Safari hii jibu likaja papo hapo.

"Mama mdogo, mbona hii imejibu haraka?"

Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mfuko huu. Simu unayoizima au unayoiweka hali ya ndegeni huuaga mtandao kabla ya kuondoka. Hutuma ujumbe mfupi, nao mtandao unaandika kwamba simu hii imetoka. Simu unayoitia mfukoni haiagi. Inakatwa katikati ya pumzi. Mtandao unaendelea kuamini kwamba ipo pale ilipoonekana mara ya mwisho, kwa hiyo mtu akipiga, minara ya eneo lile inaiita kwanza, haiitikiwi, ndipo mpigaji anaambiwa haipatikani. Ule ukimya wa sekunde chache ni minara ikiita. Maana yake ni kwamba mtandao haujakupoteza kama kijana alivyosema. Unakukumbuka vizuri kabisa, mpaka mahali ulipokunjia mfuko.

Kabla sijaendelea, nizungumzie habari hii ya mnara, maana kila ninayekaa naye ananiambia, "Lakini mama, lokesheni nimezima." Kile kitufe cha lokesheni kinahusu simu yenyewe kujua ilipo na kuziambia programu zilizomo ndani yake. Simu husikiliza setilaiti za juu, inapiga hesabu, basi. Setilaiti haikuoni wala haijui kama upo. Mnara ni habari nyingine. Bila mnara kujua uko upande gani, simu yako haiwezi kuita. Nyuma ya nyumba yangu kuna mmoja. Ukisimama uani utaona vibao virefu vyeupe vimefungwa juu kwa makundi matatu, kila kundi likitazama upande wake: moja njia ya Nzuguni, moja mjini, moja huku kwetu kwenye mabati. Kila kundi linahudumia kama theluthi ya duara, na simu inayoongea nalo tayari imejulikana iko upande upi. Kisha kuna muda. Mawimbi ya redio yanachukua muda kwenda na kurudi, na ili simu nyingi zisigongane mtandao lazima uupime muda huo na kuiambia kila simu iwahi kiasi gani. Kwenye mtandao wa zamani wa 2G kipimo hicho kinakwenda kwa hatua za kama mita 550. Kwenye 4G hatua moja ni kama mita 78. Hakuna kitufe cha kuzima hilo. Ni sehemu ya kuongea kwenyewe.

Simu iliyotulia kabisa, bila data, mtandao unaijua kwa eneo pana lenye minara mingi, mpaka ipigiwe au iandikiwe meseji. Lakini nani leo ana simu iliyotulia? Data ikiwa imewashwa, programu zinaingia na kutoka mtandaoni usiku kucha, na kila mara simu inajulikana iko kwenye mnara upi.

Jaribio lililonifungua macho zaidi nililifanya barabarani nikienda Mpwapwa kwa wazee. Nilibeba simu mbili. Moja niliitia mfukoni stendi ya Nanenane kabla basi halijaondoka. Ya pili niliishika mkononi, na binti alikuwa ameniwekea programu inayoonyesha namba ya mnara ambao simu imeushika. Nilikaa dirishani na kalamu, kila namba ikibadilika nachora kistari. Ihumwa, vistari. Mtumba kwenye majengo ya serikali vilikuja kwa haraka hadi nikadhani nimekosea, kwa sababu huko minara imesogeleana. Tulipopita Buigiri vikapungua, na baada ya Mbande kuelekea Kongwa tukakaa na namba moja muda mrefu, mbuyu baada ya mbuyu, bila kubadilika. Nilipofika nilikuwa na ukurasa mzima wa vistari. Ukurasa ule ni safari yangu. Mtu yeyote anayejua namba zile zimesimama wapi angeisoma bila kuniuliza kitu.

Simu ya mfukoni haikuwa na kistari hata kimoja kati ya Nanenane na Mpwapwa. Kwa hilo mfuko unastahili sifa zake zote. Lakini nilipoitoa sebuleni kwa mama, haikumaliza dakika, meseji zikamiminika, na ikawa imejiandikisha kwenye mnara wa Mpwapwa mjini. Kwa anayetazama kumbukumbu, mtu alipotea Nanenane saa mbili asubuhi na akaonekana Mpwapwa mchana. Njia haijulikani. Nyumba ya mwisho inajulikana.

Hilo ndilo kosa ambalo naomba kila mwenye mfuko huu alielewe. Nimemwona dada mmoja aliyekuja na mfuko kama wangu, aliununua kwa pesa ya kukopa, akawa anautumia kikamilifu njiani, na kila akifika chumbani alikojificha anaitoa simu ili aongee na mama yake. Njia alikuwa anaificha vizuri. Chumba alikuwa anakitangaza kila usiku.

Je, kumbukumbu za mtandao zinasema mengi kiasi hicho? Mwanasiasa wa Ujerumani, Malte Spitz, baada ya kuishtaki kampuni yake ya simu, alipewa taarifa zake za miezi sita. Zilikuwa mistari 35,830. Mwaka 2011 ziliwekwa hadharani kwenye ramani, na watu wakaona anapolala, treni anazopanda, mikutano anayokwenda. Miaka miwili baadaye watafiti walichambua mienendo ya simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, majina yakiwa yameondolewa, wakakuta kwamba ukijua mahali pane tu alipokuwa mtu, na saa aliyokuwapo, unaweza kumtenga na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu wale. Mahali pane. Mimi na wewe tunatoa pane kabla ya saa nne asubuhi: nyumbani, kituo cha daladala, ofisini, kwa mama lishe.

Na zinaweza kutoka. Mwaka 2019 mwandishi wa habari wa Marekani alilipa dola 300 na kupata mahali ilipo simu fulani, kwa sababu kampuni za simu za kule zilikuwa zinawapa madalali taarifa za mahali pa wateja, madalali wakawapa wengine, hadi zikamfikia mtu anayelipwa kuwasaka waliotoroka dhamana. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya nchi ile, FCC, ilitangaza faini ya karibu dola milioni 200 kwa kampuni kubwa za simu kwa jambo hilo, nazo zikaenda kupinga mahakamani. Kuna pia njia ambayo haimhitaji mtu wa ndani kabisa. Kampuni za simu duniani huongea zenyewe kwa zenyewe kwa lugha ya zamani inayoitwa SS7, iliyobuniwa miaka ya 1970 wakati waliokuwa wakiongea ni mashirika machache yanayoaminiana. Mjerumani Tobias Engel alionyesha mbele ya watu mwaka 2008, na tena mwaka 2014, kwamba mwenye njia ya kuingia kwenye mazungumzo hayo anaweza kuuliza mtu yuko kwenye mnara upi kwa kuwa na namba yake ya simu peke yake.

Dhidi ya hayo yote mfuko unasaidia kwa muda ule tu simu imo ndani. Nasisitiza neno muda.

Wengine wananiambia 5G imemaliza tatizo. Imemaliza sehemu yake. Zamani mtu mwenye mnara bandia, kifaa cha kutosha kwenye begi, aliweza kuziomba simu zilizo karibu namba za siri za laini zao, nazo zikajibu wazi. Kwenye 5G kamili namba hiyo inaweza kufungwa kwa ufunguo kabla haijaruka hewani, na anayeweza kuifungua ni kampuni yako. Lakini simu hiyohiyo ikirudishwa kwenye 2G ulinzi unakwisha, kwa sababu kwenye 2G simu haiuhoji mnara kama kweli ni wa kampuni. Simu nyingi za Android za toleo la 12 na kuendelea zina sehemu ya kuizima 2G, na mimi yangu nimeizima nikiwa mjini. Nikienda vijijini huko Bahi naiwasha, maana pengine ndiyo mtandao pekee utakaoupata. Na 5G yenyewe haikufichi kwa kampuni yako hata kidogo. Mwaka 2021 watafiti wawili, Paul Schmitt na Barath Raghavan, walipendekeza mfumo ambao mnara ungekuhudumia ukijua kwamba umelipia bila kujua wewe ni nani. Nilisoma wazo lile nikatamani lingekuwa kwenye laini ninazowashauri wale dada wanunue.

Hapa kwetu laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, kwa hiyo laini mpya ni jina lako lilelile. Ukiitia kwenye simu ileile, kuna pia ile namba ya kifaa yenye tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#, nayo haibadiliki kwa kubadili laini. Kubadili laini kunamzuia mtu anayeijua namba yako ya zamani. Kwa mtandao hakubadilishi kitu. Ukiwa hapo hapo bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu nimewahi kukaa na mama aliyekuta laini tatu asizozijua.

Sasa nifike kwenye kisa kilichobadilisha namna ninavyoutazama mfuko huu. Nimegeuza mambo kadhaa ili mhusika asitambulike, na yeye ameniruhusu.

Alitoka upande wa Kondoa na watoto wawili, akapokewa na shangazi yake Nzuguni. Siku ya tatu mume akasimama getini. Alipokuja kwetu alikuwa ameshaamua: mume ana ndugu kwenye kampuni moja ya simu, ndiye anayemwambia. Aliponieleza nikamwamini, na nikampa mfuko wangu. Akautumia wiki nzima kwa uangalifu, anaitoa simu saa za mchana tu akiwa sokoni. Mume akampigia na kumtajia soko na saa.

Nilijisikia vibaya sana, maana nilimpa kitu nikidhani nimemlinda. Tukakaa chini ofisini, mimi na yeye na yule binti wa dada yangu, tukaifungua simu taratibu, sehemu kwa sehemu. Kwenye mipangilio, juu kabisa, palipo na akaunti ya Google, palikuwa na jina la mume. Simu aliinunua yeye, hapa hapa Dodoma, akaiwasha yeye, akaingiza barua pepe yake na neno lake la siri, kisha akampa mkewe kama zawadi. Miaka miwili simu ile ilikuwa inaripoti kwa akaunti ya mume. Hakuhitaji ndugu wa kampuni. Alikuwa anafungua ramani kwenye simu yake mwenyewe, akiwa amekaa kibarazani Kondoa, na kumwona mkewe kama kidoti.

Yule mama aliitazama skrini, akaigeuza kifudifudi mezani. "Aliponipa nilimshukuru kwa magoti," alisema.

Hatukuifuta akaunti siku ile, na hili nalisema kwa nguvu kwa yeyote anayejikuta hapo. Ukiitoa ghafla mwenzako anaona kidoti kimezimika, na mtu wa namna ile akiona ameshindwa ndipo hatari inapopanda. Kwanza tulipiga picha za skrini zile kwa simu nyingine. Tukaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, tukaandikisha. Tukahakikisha watoto na yeye wana mahali pengine pa kulala. Ndipo simu ile ikabaki Nzuguni imewashwa, kwenye kabati la shangazi, na yeye akaondoka na simu ya batani tuliyomnunulia, na namba ambayo watu wanne tu wanaijua. Mtandao unaijua simu ile ya batani, ndiyo. Mume haijui. Na anayemkimbia ni mume.

Tangu siku hiyo siwauzii watu wazo la mfuko kabla sijauliza: unajificha kwa nani? Kwa mume mwenye akaunti yako, dawa ni mipangilio na simu nyingine. Kwa ndugu anayeiona hali yako ya WhatsApp na picha zenye bango la duka nyuma yako, dawa ni kuacha kuweka picha. Kwa mtu mwenye uwezo wa kufika kwenye kumbukumbu za kampuni, hapo ndipo mfuko unaingia, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inakupa haki ya kuuliza ni taarifa gani zako zimeshikwa, na kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama zimetumika vibaya. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda maisha na mawasiliano yako binafsi. Watu wengi wananitazama kwa mshangao nikiwaambia wana haki hiyo.

Nirudi kwenye kitambaa chenyewe, maana ni tathmini ya bidhaa.

Ukunjaji ndio kila kitu. Ukikunja mara moja badala ya mbili, pale uani kwangu karibu na mnara simu inaita. Mjini Nyerere Square iliita mara moja katika tano. Mawimbi yanapita kwenye upenyo kama mchanga unavyopita kwenye gunia lililotoboka. Michael Faraday alikizungushia chumba karatasi nyembamba za metali mwaka 1836 kuonyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani, na mfuko huu unafuata kanuni ileile, ila chumba chake hakikuwa na mlango wa kitambaa unaokunjwa mara ishirini kwa siku.

Betri inaumia. Simu iliyo ndani haijui imefungiwa. Inadhani mnara uko mbali, inapaza sauti kwa nguvu zake zote kuutafuta. Yangu iliingia na asilimia 80 ikatoka saa nne baadaye na 58, ya moto kama imetoka juani. Kwa hiyo iweke hali ya ndegeni kwanza, ndipo uitie. Hivyo inauaga mtandao, haihangaiki, na mfuko unabaki kukulinda na vile visivyozimika, kama Bluetooth ya baadhi ya simu, au zile iPhone ambazo tangu mwaka 2021 zinaweza kutafutwa hata zikiwa zimezimwa.

Kipaza sauti hakizuiwi. Simu iliyo mfukoni inaweza kurekodi na kutuma ikitoka. Kengele ya asubuhi iliniamsha kutoka ndani ya mfuko kama kawaida.

Uimara ndio udhaifu mkubwa. Wiki ya tisa binti alipiga kwa mazoea tu, na mfuko ukaita. Nikaugeuza ndani nje chini ya taa. Pale mdomo unapokunjwa, bitana ya fedha ilikuwa imekatika kwa mstari mwembamba kama ufa wa udongo wa Bahi wakati wa kiangazi, nyuzi zikionekana moja moja. Kwa nje haukuwa na dosari yoyote. Mtu asiyeupima angeendelea kuutegemea miezi mingine.

Nikaurudisha Majengo. Yule kijana hakubishana. Aliinama nyuma ya kaunta kutafuta boksi, akanipa mwingine kwa 15,000 badala ya bure, nami nikaona ni haki kwa sababu hakuwa ameniandikia dhamana. Nikamweleza habari ya mnara, kuaga na kutokuaga, na kisa cha yule mama bila kumtaja. Alisikiliza akiwa ameshika mfuko uliopasuka. Akasema, "Mama, mimi mwenyewe niliambiwa hivyo na aliyeniuzia mzigo." Nilimwomba awaambie wateja kwamba unaficha njia na hauwezi kuficha mahali unapoitolea simu, na kwamba waupime kila wiki kwa kupigiwa. Aliandika kwa kalamu nyuma ya boksi, PIMA KILA WIKI, kwa herufi kubwa.

Nyota tatu kati ya tano kwa bidhaa. Kwa 35,000 ni ghali kidogo kwa kitu kinachochakaa kwa miezi miwili, na mtu asiye na sababu maalumu atosheke na hali ya ndegeni, ambayo ni bure. Foili ya jikoni niliijaribu pia: matabaka matatu yalizuia, yakachanika kesho yake.

Mfuko wa pili haupo kwangu tena. Uko kwa mama mmoja anayeondoka Ijumaa alfajiri. Tumeufanyia mazoezi jana ofisini, kunja, kunja, bana, mimi nikipiga na yeye akisikiliza ule ukimya. Simu ataitia akiwa stendi penye watu wengi, hatakuwa ameipitisha nyumbani kwanza, na hataitoa mpaka atakaporudi mjini kuniona. Anakokwenda ana simu nyingine inayomsubiri. Jina la mahali hapo amelisema kwa mdomo, sikuliandika popote.